Seva ya Chama: Tuchague Mfumo Endeshi Gani?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Chidya, Masasi na Newala

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yako wazi na kalamu ziko tayari. Ninyi mtakaosoma maneno haya baadaye katika karatasi, someni polepole. Penye neno gumu mwulizeni mwalimu au jirani.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kompyuta. Najua wako watakaosema, "Sisi ni wakulima tunaojifunza kusoma na kuandika. Kompyuta zatuhusu nini?" Zatuhusu sana, maana fedha zetu zimekwisha ingia humo. Tangu mwaka 2007 korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya vyama vikuu, kama MAMCU na TANECU, imekuwa ikifanywa kwa njia ya mtandao, katika Soko la Bidhaa Tanzania, liitwalo TMX. Mnunuzi hutaja bei kwa kompyuta, na mkulima hupata habari kwa simu. Basi mkulima asiyejua kuuliza habari za kompyuta atabaki kuambiwa tu.

Tuchukue mfano. Tuseme chama chenu cha msingi kimeamua katika mkutano mkuu kuwa na tovuti yake. Tovuti ni mahali pa chama katika intaneti. Hapo mwanachama ataweza kusoma bei ya mnada wa wiki hii, kilo alizopeleka ghalani, makato yake, na siku ya malipo. Halmashauri imeleta barua tatu kutoka kwa makampuni matatu yanayotaka kazi hiyo. Ya kwanza imesema, "Tutawapa seva yenye Windows." Ya pili imesema, "Tutawapa seva yenye Linux." Ya tatu imesema, "Chagueni wenyewe." Wajumbe wanatazamana. Je, wataamuaje?

Kwanza tujue seva ni nini. Seva ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila kazi yake ni kuhudumia. Huwashwa mchana na usiku, nayo hungoja kuulizwa. Mwanachama aliyeko Dar es Salaam akiandika jina la tovuti ya chama katika simu yake, swali lake husafiri mpaka kwenye seva, na seva humrudishia ukurasa anaoutaka. Kwa hiyo seva yataka umeme usiokatika, chumba chenye ubaridi, intaneti ya kutumainiwa, na fundi wa kuitazama. Vitu hivyo vyote ni vigumu kupatikana katika ofisi ya chama kijijini. Ndiyo maana vyama vingi hupanga seva kwa kampuni. Kampuni huiweka mashine kwake, na mafundi wake huitunza. Chama hulipa kodi kwa mwezi au kwa mwaka.

Sasa, mfumo endeshi ni nini? Ni programu iliyo chini ya programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Fikirini ghala la korosho. Magunia ni mengi, na watu wanaoingia ni wengi. Lakini yuko msimamizi mmoja ajuaye gunia lipi liko wapi, nani aruhusiwe kuingia, na nani ana ufunguo wa chumba kipi. Akiwa mzembe, hata magunia yakiwa mazuri, wizi utatokea. Mfumo endeshi ndio msimamizi wa ghala katika kompyuta. Hata simu zenu za kupangusa zina msimamizi wa namna hiyo. Simu nyingi hutumia mfumo uitwao Android, nao umejengwa juu ya Linux.

Katika seva, jamaa kubwa za mifumo endeshi ni mbili. Jamaa ya kwanza ni Windows Server, itengenezwayo na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo huu una mwenyewe, na anayeutumia hulipa leseni. Ukipanga seva yenye Windows, ada ya leseni hiyo huwa ndani ya kodi yako, ingawa pengine huioni imeandikwa peke yake.

Jamaa ya pili ni Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alianza kuitengeneza, akawaachia watu wengine waisome, waibadilishe na kuigawa. Leo Linux ina namna nyingi. Debian ilianzishwa mwaka 1993, nayo hutunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Ubuntu ilitolewa mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ninyi hamna haja ya kutafsiriwa, maana ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. AlmaLinux ilitolewa mwaka 2021, na sababu yake nitaieleza hivi punde. Namna hizi tatu zapatikana bila ada ya leseni.

Hapa watu wengi hukosea. Wakisikia kwamba Linux haina ada, husema, "Basi tuchague Linux, ni bure." Wengine wakisikia kwamba Windows inalipiwa, husema, "Chenye bei ndicho kizuri." Maneno yote mawili hayatoshi. Ninyi mnajua habari za mashine ya kusaga. Mtu hununua injini kwa bei rahisi, akafurahi. Mwaka wa pili kifaa kimoja kinavunjika. Anakitafuta Masasi, hakuna. Anakitafuta Mtwara, hakuna. Fundi anayeijua injini ile hayuko, na kiwanda kimeacha kuitengeneza. Mashine inasimama, na akina mama wanarudi na mahindi yao kichwani. Kosa la mtu huyu ni kwamba aliuliza bei, hakuuliza vipuri.

Mfumo endeshi nao una vipuri, navyo huitwa viraka. Kila mfumo una matundu yasiyojulikana siku ulipotolewa. Baadaye wataalamu hugundua tundu, na watengenezaji hutoa kiraka cha kuliziba. Pasipo kiraka, mwizi aliyeko nchi yoyote aweza kupita tunduni bila kuvunja mlango. Tena kila toleo la mfumo lina tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita, viraka vya kawaida havitolewi tena. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi kama kawaida, nayo ndiyo hatari yake, maana chama hakioni kwamba kinga imekwisha.

Nitawapa mifano mitatu ya kweli.

Wa kwanza ni wa Mei 2017. Tarehe 12 ya mwezi huo programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi nyingi. Ilifunga mafaili ya watu, kisha ikadai fedha ili iyafungue. Huko Uingereza hospitali nyingi zilivurugika, na wagonjwa wengine walirudishwa bila kutibiwa. Tundu lililotumiwa lilikuwa ndani ya Windows. Lakini kiraka cha kuliziba kilikuwa kimetolewa Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Kompyuta nyingi zilizoumia ni zile ambazo hazikutiwa kiraka hicho, au zilikuwa na matoleo ya zamani.

Mfano wa pili ni wa Aprili 2014, nao ni wa upande mwingine. Lilitangazwa tundu lililoitwa Heartbleed, lililokuwa katika programu ya kufungia siri iitwayo OpenSSL. Programu hiyo ilitumiwa sana katika seva za Linux. Tundu lilimwezesha mwizi kusoma siri zilizokuwa ndani ya kumbukumbu ya seva. Hapo pia aliyetia kiraka mapema alijikinga, na aliyekawia alikaa hatarini. Basi asiwadanganye mtu kwamba mfumo fulani hauna matundu. Yote inayo. Jambo kubwa ni kuziba, na kuziba upesi.

Mfano wa tatu ni wa mfumo wa Linux ulioitwa CentOS. Makampuni mengi ya kupangisha seva yaliupenda, kwa kuwa haukuwa na ada na ulitengenezwa muda mrefu. CentOS 8 ilitolewa mwaka 2019, na watu walitazamia kwamba itatengenezwa hadi mwaka 2029. Lakini Desemba 2020 wenye mradi walitangaza kwamba mwisho wake utakuwa tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ilikatwa kwa tangazo moja. Wenye seva walipewa mwaka mmoja tu wa kuhama. Kwa sababu hiyo ndipo wengine walipotengeneza AlmaLinux ishike mahali pake. CentOS 7 nayo ilifika mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Kampuni itakayowaletea leo barua yenye neno CentOS 7, muiulize kwa nini yawapa ninyi ghala lisilo na mlinzi.

Mifano hii mitatu yatufundisha neno moja, nalo ndilo somo la leo: mfumo endeshi mzuri kwa chama ni ule ambao tarehe yake ya mwisho iko mbali, na fundi wa kuutunza anajulikana. Jina la mfumo huja baada ya hayo.

Sasa ndugu zangu, tazameni jinsi jambo hili linavyowahusu ninyi mliojifunza kusoma. Hamhitaji kuwa wataalamu wa kompyuta. Mnahitaji kusoma tarehe, na kusoma mkataba. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana aweza kuinua mkono katika mkutano mkuu na kuuliza maswali yafuatayo. Yaandikeni katika daftari.

Swali la kwanza: Programu ya chama yataka mfumo gani? Hili hutangulia yote. Programu nyingi za kutengenezea tovuti, kama WordPress, hukaa vizuri katika Linux, na mafundi wengi wamezizoea humo. Lakini kama chama kimekwisha nunua programu ya hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, basi msilazimishe Linux. Mtu hanunui kwanza kiatu, kisha akakata mguu ili uingie.

Swali la pili: Toleo hili litatengenezwa mpaka mwaka gani? Jibu liwe tarehe, lisiwe maneno kama "muda mrefu". Kwa mfano, Ubuntu 24.04 hupata viraka bila malipo hadi mwaka 2029. AlmaLinux 9 ni hadi mwaka 2032. Windows Server 2022 ni hadi Oktoba 2031. Debian 13 ilitolewa Agosti 2025, na desturi ya Debian ni kutunza kila toleo kwa miaka kama mitano. Kinyume chake, Windows Server 2012 ilifika mwisho wake wa kawaida Oktoba 2023. Toeni mwaka wa leo katika mwaka wa mwisho. Mkipata miaka miwili au chini ya hapo, jueni kwamba mtahama karibuni, na kuhama kuna gharama.

Swali la tatu: Nani atatia viraka, na baada ya siku ngapi? Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Chama hudhani kwamba kampuni yatunza kila kitu. Kampuni husema kwamba ilikubali kutunza mashine tu. Kwa kawaida kampuni inayotunza seva hutunza mfumo endeshi, lakini programu za tovuti na maneno ya siri huweza kuachiwa mteja. Basi mkataba utaje kazi moja moja, na mbele ya kila kazi uandikwe "kampuni" au "chama". Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Swali la nne: Mafundi wa kampuni wameuzoea mfumo upi zaidi? Ikiwa Debian na Ubuntu zote zafaa kwa kazi yenu, na mafundi wao wameshika Ubuntu kwa miaka mingi, chukueni Ubuntu. Fundi hutengeneza vizuri chombo anachokijua. Tena ulizeni kama mafundi hao wapatikana usiku na siku za sikukuu, maana wezi hawana sikukuu.

Swali la tano: Nakala za akiba zawekwa wapi, na zimejaribiwa lini? Nakala ya akiba ni kopi ya kumbukumbu zote za chama. Isikae katika seva ile ile, maana ghala likiungua, daftari lililomo ndani huungua pamoja nalo. Tena haitoshi kuambiwa kwamba nakala zipo. Waombeni wairudishe nakala moja mbele ya karani wenu, muone kama yasomeka.

Swali la sita: Tukitaka kuhamia kampuni nyingine, tutaondokaje? Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama. Lisiandikishwe kwa jina la kampuni wala la kijana aliyetengeneza. Kumbukumbu za wanachama ni mali ya chama, na chama kipewe nakala yake kila kinapoitaka.

Labda mtauliza, "Wewe bwana afisa, umetupa maswali mengi. Je, ungekuwa mjumbe wetu, ungechagua nini?" Nitajibu bila kuzunguka. Kwa tovuti ya chama cha msingi, yenye bei, matangazo na hesabu za wanachama, mimi ningechagua Linux, toleo la kutunzwa muda mrefu: Debian, au Ubuntu ya muda mrefu, au AlmaLinux. Katika hizo tatu ningemwachia fundi atuambie ipi aijuayo zaidi. Ningechagua Windows ikiwa tu programu yetu yaihitaji, na hapo ningelipa leseni bila kunung'unika. Sitachagua toleo lililotoka juzi ambalo programu yetu haijajaribiwa nalo, wala toleo lililobakiwa na miezi michache. Na fedha tutakayookoa kwa kutolipa leseni, nisingeigawa. Ningeiweka kwa ajili ya utunzaji na nakala za akiba, maana Linux haina ada, lakini kazi ya fundi ina malipo.

Wako watakaoona kwamba haya ni mambo madogo. Hebu fikirini mzee mmoja wa kijijini, aliyepeleka kilo 480 ghalani. Katika seva ya chama yako majina yake, namba yake ya simu, namba ya akaunti yake, na kiasi cha fedha anachongojea. Mwizi akipata orodha ile, hana haja ya kuja na panga. Atampigia simu na kusema, "Mzee, shikamoo, mimi ni karani wa chama. Kilo zako ni 480, makato yako ni haya. Nitajie namba ya siri ili malipo yaingie." Mzee atamwamini, kwa sababu kila alichosema ni kweli. Mapato ya mwaka mzima, kupalilia, kupulizia dawa na kuokota, yataondoka kwa dakika moja. Na asubuhi yake mzee atakuja kumlaumu karani wa kweli, ambaye hajui lolote.

Sheria nayo yatudai. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo humtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Chama hakiwezi kusema tu, "Hiyo ni kazi ya kampuni." Kampuni ni mtumishi wetu, lakini wanachama walitukabidhi sisi majina yao.

Wazee wa uwanda wa Makonde wanajua vizuri maana ya kutunza kitu cha wote. Maji yalikuwa mbali, na watu waliteremka mabondeni kuyafuata. Mradi wa maji ulipojengwa katika miaka ya 1950, maji yalisukumwa kwa pampu kutoka chini hadi juu. Watu waliona pampu, lakini pampu peke yake haipandishi maji. Yataka fundi, yataka kipuri, yataka mtu wa kuuliza kwa nini bomba limekauka. Seva ya chama ni vivyo hivyo. Siku ya kuizindua watakuja watu wengi, lakini faida yake itajulikana mwaka wa tatu na wa nne, wakati ambapo hapana ngoma wala hotuba, ila fundi anayetia viraka na mwanachama anayeuliza kama vimetiwa.

Sasa kabla hatujaachana, fanyeni kazi hii darasani.

Maneno ya kusoma na kuandika: seva, tovuti, mfumo endeshi, leseni, kiraka, toleo, mkataba, nakala ya akiba.

Hesabu: Chama kimepanga seva mwaka 2026. Mfumo wake utatengenezwa hadi mwaka 2029. Mkataba wa kampuni ni wa miaka mitano. Je, mfumo utakwisha kabla ya mkataba, au baada yake? Imebaki miaka mingapi bila viraka? Chama kiandike nini katika mkataba ili kisipate hasara?

Mazungumzo: Mjigawe makundi mawili. Kundi la kwanza liwe halmashauri ya chama, na kundi la pili liwe kampuni. Halmashauri iulize maswali sita ya leo. Kampuni ijibu kwa tarehe na majina. Kila panapojibiwa "msiwe na wasiwasi", mwalimu asimamishe mazungumzo, na swali liulizwe tena.

Nawatakia kazi njema. Kwaherini.